Mke wa Nahodha Alizama Ukurasa wa Tatu

Mume wangu alipostaafu, watu walimtarajia afuge kuku. Alikuwa afisa wa kilimo maisha yake yote, akizunguka mashamba ya ngano na viazi kule kwenye baridi ya Mau Narok kuwaambia wakulima mambo waliyoyajua tayari, na wastaafu wa aina yake hapa Kiamunyi hufuga kuku, au hugombea uzee wa kanisa, au hufa. Yeye aliingia chumbani, akafunga mlango, akaandika riwaya ya kuchekesha kuhusu kisiwa.

Kisiwa chenyewe kilikuwa cha nchi za joto, chenye minazi, maharamia na hazina iliyofukiwa. Bahari alikuwa ameiona mara moja tu, akiwa mwanafunzi, na kwa maelezo yake mwenyewe siku hiyo tumbo lilimuuma akashinda ndani ya basi. Hilo halikumzuia. Aliandika mwaka mzima, akapeleka kazi yake kwa mwenye mashine ya kuchapa mjini, na kitabu kikatoka kikiwa na jina la kubuni kwenye jalada kwa sababu aliona haya. Msomaji wa kwanza nilikuwa mimi. Aliniketisha sebuleni, akakaa mbele yangu, akawa ananichungulia usoni kila nilipofungua ukurasa ili aone kama nacheka.

Katika ukurasa wa tatu meli inazama. Nahodha, ambaye ndiye shujaa wetu, anadaka ubao na kuanza kuogelea. Mkewe naye angeweza kuokoka, maana ubao wa pili unaelea karibu naye kabisa, ila amekumbatia sufuria yake kubwa kwa mikono yote miwili na hakubali kuiachilia, kwa hiyo hana mkono wa kushikia ubao. Anazama huku akiuliza ni nani aliyebaki na kifuniko. Hapo ndipo anapoishia. Nahodha anafika ufukweni, anakamua shati lake, na kuanzia hapo mpaka hazina inapopatikana hamtaji mkewe hata mara moja.

Mtaani kwetu mwenye sufuria kubwa ni mimi. Harusi, matanga, kupeleka mahari, wote huja kuiazima kwangu, na ni kweli kwamba shughuli ikiisha huwa naifuata mwenyewe nikiuliza kifuniko kiko wapi. Kwa hiyo nilimuuliza mume wangu kama yule mwanamke ni mimi. Akanijibu kwamba hayo ni mambo ya kubuni tu, na kwamba mtu asiyesoma riwaya nyingi hawezi kuelewa. Ananiambia hivyo mimi, niliyekuwa nikisoma riwaya wakati yeye anasoma vijitabu vya mbolea! Nilimeza hasira, nikamwomba basi ampe nahodha huzuni kidogo, hata sentensi moja, jioni moja tu akae ufukweni amkumbuke mkewe. Akasema huzuni itaharibu kichekesho.

Baada ya muda akaanza kuzungumzia kitabu cha pili, lakini kwa wasiwasi. Wale aliowagawia nakala walimwambia hongera, kazi nzuri, basi, na hata yeye aliweza kuona kwamba hawakuwa wamefika mbali. Alitaka maoni ya watu wasiojua mwandishi ni nani. Sasa mimi nina kikundi cha wanawake wanaosoma vitabu. Hukutana Jumamosi moja kila mwezi, nyumba kwa nyumba, tunaanza kwa maombi, na mwenye nyumba ndiye anayechagua kitabu na kupika. Zamu yangu ilikuwa imekaribia. Akanisihi nichague kitabu chake bila kusema ni cha nani, naye atajificha chumbani na kuuacha mlango wazi kidogo. Wakicheka, ataanza kitabu cha pili. Wasipocheka, ataweka kalamu chini na kutafuta vifaranga.

Nilikubali haraka kuliko alivyotarajia. Kwangu, wacheke au wanune, yote yalikuwa sawa. Mimi nilitaka kitu kimoja. Wanawake wale wote wameolewa au waliwahi kuolewa, na nilikuwa na hakika kwamba hakuna atakayeupita ukurasa wa tatu bila kuuliza yule mwanamke alikosa nini. Nilitaka mume wangu alisikie swali hilo kutoka kwa midomo ya watu wengine. Kutoka kwangu alishazoea kulisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Siku ilipofika niliwaambia kwamba mzee ameenda Mau Narok kuangalia viazi. Tuliomba, tukala, nikaleta chai, kisha nikasema kitabu hiki nilikiona tu mjini na ningependa kila mtu aseme la moyoni.

Wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, ambaye ndiye anayetuongoza kwa kuwa hakuwahi kujifunza kutoongoza. Alikuwa amekisahihisha kitabu kizima kwa kalamu nyekundu.

"Hawa watu wanaamka asubuhi kwa kisiwa wanapuliza mikono juu ya baridi," akasema. "Page ya ishirini kuna ukungu mpaka saa nne. Huyu mtu amewahi kutoka huku Mau kweli?"

Akafuata mwenye stoo ya viazi sokoni. Yeye alikuwa na shida na chai. Maharamia wanakunywa chai ya maziwa kutoka mwanzo wa kitabu hadi mwisho, na alikuwa amekisoma mara mbili akitafuta ng'ombe. Hakumwona. Mke wa mchungaji, ambaye hajawahi kumsema mtu vibaya mbele yetu, alisema vibaya siku hiyo. Mchanga mweupe unaotimua vumbi mpaka maharamia wanapiga chafya si mchanga wa pwani, akasema, ni ule udongo mweupe unaochimbwa Kariandusi. Amelelewa karibu na machimbo yale na vumbi lake analijua. Bahari hajaiona, lakini haamini kwamba ina vumbi. Akaongeza kwamba amekuwa akimwombea mwandishi.

Mahali ambapo mume wangu alijivunia zaidi palikuwa sura ya nne. Watu wamenusurika kufa, na badala ya kutafuta namna ya kuondoka wanakigawa kisiwa viwanja, wanachagua mwenyekiti na mweka hazina, na kuanza kugombania mipaka. Alipokuwa akiandika sura hiyo nilimsikia akicheka peke yake chumbani. Kikundi changu hakikuona cha kuchekesha. Mwenye stoo alisema hata yeye angefanya hivyohivyo, kitu cha kwanza ni mpaka, na akamlaumu mwandishi kwa kutosema hati za viwanja zilitoka wapi.

"Huyu ni mtu amekosa kazi," mwalimu akasema. "Ni mtu alistaafu akaona badala ya kusumbua bibi yake asumbue sisi."

Kitanda kikalia kule chumbani. Nilikisikia mimi peke yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikikisikiliza.

Sitauma maneno: nilifurahia. Miaka yote niliyokaa na mtu huyu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba amekosea, wakulima kwa sababu alikuwa na gari la serikali, na watoto kwa sababu ni baba yao. Niliongeza chai. Nilileta chapati zilizokuwa zimebaki. Kila mazungumzo yalipotaka kulegea, niliyachochea, nikauliza, na wale maharamia je, na ule wimbo wao, na yule kasuku. Wakamchana kasuku pia. Lakini muda wote nilikuwa nikingoja ukurasa wa tatu.

Ni mwenye stoo aliyeufikia. Aliweka kikombe chini akasema kusema ukweli kuna mahali pamoja alicheka. Akaanza kusimulia: meli inazama, watu wanapiga kelele, na mama mmoja amekumbatia sufuria. Hakuweza kufika kwenye kifuniko. Wote walikuwa wameshapasuka. Mwalimu alivua miwani kujifuta machozi. Mke wa mchungaji aliinama akashika meza, mabega yakimtetemeka, na kila alipojaribu kutulia mtu mwingine alisema "kifuniko" wakaanza upya.

Kisha mwenye stoo akanigeukia.

"Na si huyo ni wewe kabisa? Wewe na sufuria yako. Aki huyu mwandishi anakujua."

Walicheka mpaka wakaishiwa na pumzi. Mmoja alinyoosha kidole kuelekea jikoni, ambako sufuria yenyewe ilikuwa imejaa maji ya kuoshea vyombo vyao. Mimi pia nilicheka, kwa meno tu. Mambo ya kubuni, mtu aliniambia, na hawa hawakuhitaji hata nusu dakika kunitambua.

Nilingoja watulie, kisha nikasema nilichokuwa nimewaitia, ingawa wao hawakujua ndicho.

"Lakini huyo mwanamke amekufa, na bwana yake hajamlilia. Kitabu kizima hakuna mtu ameuliza yuko wapi."

Nadhani walidhani natania.

"Sasa angefanya nini huko kisiwani?" mwalimu akauliza. "Awapikie maharamia?"

Kichwani nilikuwa na mambo mengi ambayo yule mwanamke angeweza kuyafanya, angeweza kuipata hazina ile kabla ya chakula cha mchana, lakini badala ya kuyataja nikawasogezea sahani ya chapati. Mke wa mchungaji akanionea huruma. Alisema angalau mama wa watu hakuteseka, alienda mara moja, na kwamba angeendelea kuishi hadithi ingekuwa nzito. Wengine wakaitikia. Mwenye stoo akanipiga paja akaniambia nisijali, siku nikizama wao watatafuta kifuniko. Nikawachukia wote, mmoja mmoja, na nikawauliza nani anaongeza chai.

Mwishoni mwalimu hutoa alama, tabia ambayo tumeshindwa kumwachisha. Kitabu cha mume wangu alikipa mbili kwa kumi, na akaeleza kwamba zote mbili ni za sufuria. Tukaomba, wakaenda.

Nilibaki nimesimama sebuleni nikijitayarisha. Nilijua atatoka ameumia, na kusema kweli nilikuwa nimeanza kumhurumia. Mtu ameambiwa ndani ya nyumba yake kwamba hajui baridi na joto, hajui bahari, hajui hata maziwa yanatoka wapi. Nilifikiria nitamwambia kwamba sura ya nne ilikuwa nzuri. Nilikuwa tayari kusema hivyo.

Alitoka anang'aa.

"Umewasikia?" akaniuliza. "Mama, umewasikia pale?"

Yale mengine yote, ukungu, vumbi, ng'ombe, yalikuwa yamempita. Hayo ni marekebisho madogo, alisema, yanafanywa siku moja. Lakini kicheko kile hakiwezi kununuliwa. Alikuwa amekaa kitandani akiwasikiliza akajua papo hapo kwamba kitabu cha pili kipo. Tena kimeshajipanga. Mke wa nahodha hakufa. Mawimbi yalimtupa kwenye kisiwa kingine, yeye na sufuria yake, na nahodha itabidi aende kumchukua. Na wakiwa njiani kurudi, mtumbwi unapinduka, anazama tena.

"Wakicheka mara moja watacheka mara mbili," akasema.

Nikamuuliza kama safari hii nahodha atamlilia. Aliwaza kidogo, nakubali kwamba aliwaza. Kisha akasema, kwa upole, kwamba tukianza kulia pale kitabu kitakuwa kingine. Nikamuuliza pia kama alimsikia yule aliyesema kwamba mwanamke huyo ni mimi. Akasema alimsikia, na hiyo ndiyo ishara kwamba mhusika amekolea.

Nilikuwa nimepiga magoti nikikusanya vikombe. Yeye alikuwa na kalamu mkononi na kipande cha karatasi juu ya goti, na alinitazama kwa dhati, kama anavyoniangalia anapouliza kama mchuzi umekolea chumvi. Sufuria watu wameshaizoea, alisema. Inatakiwa kitu kipya.

"Safari hii ashike nini?"

"Amshike nahodha," nikamwambia.

Alicheka mpaka akakohoa. Akasema hilo ni zuri, hilo hata yeye hangelifikiria, akaliandika. Halafu akainua kichwa.

"Kwa mikono miwili?"

"Yote miwili," nikasema. "Na asiachilie."

Akaandika hilo pia, akanishukuru, akauliza kama kuna chai iliyobaki.