Vita vya Kubembelezea Mtoto

Shuka ya hospitali haikunjwi na mtu mmoja. Mmoja anashika ncha hizi, mwingine zile, mnavuta, mnakutana katikati. Kwa miaka kumi na saba mwenzangu wa upande wa pili alikuwa Bi Kicheko, kwa hiyo nikisema namjua, namjua. Jina hilo alipewa na manesi. Akianza kucheka kule chumba cha kufulia, wagonjwa wa wodi ya juu nao wanacheka bila kujua wanamcheka nani. Mimi si mtu wa kuchekacheka, lakini hata mimi ameshanivunja mbavu hadi nikaangusha pasi.

Hakujaliwa kuzaa. Alimlea mtoto wa kaka yake tangu ana miaka mitatu, baada ya kaka kwenda vitani asirudi. Mtoto akakua, akawa mtengenezaji filamu, na baada ya kuhangaika miaka minne akamaliza filamu yake ya kwanza. Ya vita, lakini ya kuchekesha. Akaja mwenyewe kazini kwetu.

"Shangazi, Jumapili naionyesha mara ya kwanza, na wenye majumba ya sinema watakuwepo. Wasipoipenda, ndiyo basi, inaishia kabatini. Naomba ukae safu ya katikati. Wewe ukicheka, ukumbi mzima utacheka."

"Hiyo tu? Hata nikiwa na homa nitakuja."

Jumapili saa tisa alasiri tukawa tumeketi ukumbini, mimi na Bi Kicheko, yeye na gauni alilolipiga pasi mara mbili. Kijana alisimama nyuma, mlangoni, anajitafuna kucha.

Filamu ikaanza. Jenerali ana kofia kubwa kama beseni. Anapanda mbuzi badala ya farasi, anaanguka. Anapanda tena, anaanguka tena, na kila akianguka ngoma inapigwa, tusije tukashindwa kuelewa kwamba hapo ni pa kucheka. Halafu medali zinamzidi uzito, anatumbukia chooni. Kuna koplo mjanja, asiyeogopa kitu, ndiye anayempandisha mbuzi, tena anapaka viazi rangi na kumuuzia jenerali kama mabomu. Mimi sina shida na kuwasimanga wakubwa wa vita, wanastahili. Lakini mtu akikwambia jambo mara sita huku anakupiga kiwiko, unachoka hata kama ni la kweli. Ukumbi ulikuwa kimya kama maji mtungini.

Bi Kicheko akajikaza kisabuni, akacheka. Kikatoka kicheko kikavu ambacho sijawahi kukisikia kwake, na hakuna aliyemfuata. Akajaribu tena. Safari hii hakikutoka kabisa. Akanishika mkono.

"Hizi ni hadithi zangu," akaninong'oneza. "Mbuzi, choo, viazi. Zote nilimsimulia mimi."

Nikaelewa. Mtoto alikuwa akimlilia baba yake, na shangazi akamtungia vita vya kubembelezea. Yule koplo mjanja ndiye alikuwa baba.

Filamu ikaisha kwa makofi machache ya adabu. Wenye majumba ya sinema wakatoka wakitazama simu zao. Kijana akaja, akakaa kiti cha mbele yetu, akageuka. Macho yake yaliniuma.

"Hukucheka, shangazi."

"Nilijaribu, mwanangu."

"Nimekosea wapi? Ulivyokuwa unanisimulia nilikuwa nakufa kwa kicheko. Sikubadilisha hata kitu kimoja."

Niliogopa Bi Kicheko atamjibu kwa mzaha, kama anavyojibu kila kitu. Kama angefanya hivyo, nadhani ningemkasirikia mpaka leo.

"Hukukosea wewe," akasema. "Ulikuwa unalia, na mimi sikujua kulea. Kila ukicheka, nilipata nafasi ya kutokulia na mimi."

"Kwa hiyo baba hakumpandisha jenerali mbuzi."

"Hata huyo jenerali hakuwahi kumwona."

"Basi alikuwaje? Nimeshakuwa mtu mzima, shangazi. Niambie."

Akavuta pumzi. Nikataka kuinuka niwaachie nafasi, akanizuia kwa mkono uleule.

"Alikuwa mwoga. Anaogopa mbwa, radi, sindano. Asubuhi waliyokuja kumchukua alikuwa anakufunga viatu. Lori linanguruma nje, vidole vyake vinatetemeka, kamba zinamponyoka. Wewe ukadhani anakuchezea, ukaanza kumcheka. Alipoona unacheka, akazidi kuvitetemesha makusudi, usije ukajua."

Kijana alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nilicheka sana?"

"Sana, mwanangu. Ulicheka mpaka lori likaondoka."