Ahadi ya Muhuri

Kwenye orodha ya ahadi za sherehe ya kufungua kanisa letu jipya, huku upande wa Mwala, jina langu lilikuwa katikati ya karatasi. Juu yangu mama mmoja ameahidi gunia la mchele. Chini yangu fundi wa viatu ameahidi makaa. Na mimi, mbele ya jina langu, katibu alikuwa ameandika neno moja tu: muhuri.

Sikuwa nimeahidi muhuri, na hakuna aliyeniuliza. Mimi ni mkaguzi wa nyama. Watu wa kwetu wananiita daktari, na wakikasirika wananiita daktari wa mizoga. Karibu maisha yangu yote ya utu uzima nimeamka kabla jogoo hajafikiria kuwika, nikapanda pikipiki hadi machinjioni, nikavaa gambuti zilizolowa tangu jana, nikaanza kukata. Nakata tezi za shingo, napapasa mapafu, napasua moyo, nalaza ini kwenye meza na kuligeuza. Nikiridhika napiga muhuri wa wino wa zambarau na nyama inaenda buchani. Nisiporidhika, mwenye ng'ombe ananiangalia kana kwamba ugonjwa nimeuweka mimi usiku.

Ni kazi ya kuchosha, wacha niseme tu. Mgongo wangu ulikufa zamani. Mikono inanuka maini hata siku ya harusi. Lakini kinachochosha zaidi ni kwamba matunda yake hayaonekani. Mwalimu anaonyeshwa mtoto aliyemfundisha, fundi anaonyesha nyumba aliyojenga. Mimi sijawahi kukutana na mtu njiani akaniambia, "Asante daktari kwa ule ugonjwa ambao sikuupata."

Ndiyo maana nilifurahi, mwaka ule, mchungaji wetu alipotangaza Jumapili ya kuombea vifaa vya kazi. Alihubiri vizuri, sitamnyima haki yake. Alisema Mungu hakai kanisani Jumapili halafu Jumatatu akatuacha twende kazini peke yetu. Alisema jembe ni ibada, chaki ni ibada, na mtu anayefanya kazi yake kwa uaminifu anahubiri bila kufungua mdomo. Tukapanga foleni hadi mbele, huyu na panga, yule na mkasi wa kushonea, mama wa hotelini na mwiko wake mkubwa. Mimi nilibeba kisu changu na muhuri.

Mchungaji alichovya kidole kwenye mafuta, akapaka kisu, kisha akapaka muhuri, palepale usoni penye maandishi. Akaomba, "Bwana, mkono huu usiyumbe." Nililia kidogo, nikasingizia vumbi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kusema mbele ya watu kwamba kile ninachofanya kule kwenye damu na kinyesi ni kitu. Jumatatu yake wino haukushika. Mafuta yalikuwa yameingia kwenye mikato ya herufi, na kila nilipogonga nyama ilipata doa tu. Niliusugua ule muhuri kwa sabuni na mswaki wa zamani siku tatu, wenye nyama wakinitukana.

Basi nilipouona kwenye orodha ya ahadi, kati ya mchele na makaa, moyo wangu ulishtuka kidogo. Nilipaswa kusimama pale pale na kumwambia katibu kwamba muhuri haukopeshwi, na hauchangwi kama sukari. Lakini nilikuwa nimetoka machinjioni, nimesimama tangu asubuhi, nilitaka chai na kitanda. Nikasema kwa Kikamba, vai thina, hakuna shida. Hilo ndilo kosa langu na nalikubali.

Ng'ombe wa sherehe alitolewa na mjane mmoja wa kanisa letu, mama mzee anayeishi peke yake karibu na mto. Alikuwa maksai wake wa kulima, na ndiye pekee aliyekuwa amebaki baada ya ule ukame mbaya. Mama alisimama mbele ya kanisa, akashika leso yake kwa mikono miwili, akasema anampatia Mungu. Jameni, watu walilia. Kwaya ikaimba bila kupewa ishara, akina mama wakamzunguka wakimshangilia, na mchungaji akasema huyu mama ametuhubiria sote.

Sherehe ilikuwa Jumapili, kwa hivyo walichinja Jumamosi, kwenye uwanja wa kanisa. Nilikuwa nimewaambia wanaume wasimguse yule ng'ombe kabla sijamwona akiwa hai, amesimama. Nilipofika saa tatu kutoka kazini, ngozi ilikuwa tayari imetandazwa chini na kichwa kiko kwenye jani la mgomba. Wanaume wawili walikuwa na kipande cha ini kwenye makaa, wakisema wanaonja chumvi.

"Weka chini!" nikapiga kelele.

"Ai, daktari, si hii ni ya kanisa?"

"Weka chini, nimesema! Tema!"

Wakatema, wakacheka, wakanipa nafasi. Nikainama. Nilianza na mapafu, na kabla sijakata nilikuwa nimeshajua, maana vidole vyangu vimezeeka kwenye kazi hii. Tezi zilikuwa zimevimba, ngumu. Nilipozipasua kisu kilikwaruza kama kimepita kwenye mchanga, ikatoka ile kitu ya njano, kavu. Nikaenda kwenye ini, iko. Nikaenda kwenye tezi za kifuani, za nyonga, iko. Kifua kikuu kilikuwa kimetembea mwili mzima. Nyama ya namna hiyo haichaguliwi kipande kizuri na kibaya, inaenda yote.

Nikamwita mchungaji pembeni, nyuma ya tangi la maji. Nikamwambia.

Yeye si mtu mbaya, naomba hilo lieleweke. Alikuwa na wageni kutoka makanisa jirani, alikuwa na viti vya kukodi vimeshafika, na alikuwa na yule mama ameketi na wenzake wakimenya viazi, hatua chache kutoka pale.

"Mzee wangu," akaniambia kwa upole, "si itachemshwa? Ichemshwe sana, hata asubuhi nzima."

"Sheria haisemi hivyo, pasta. Na hawa wameshaanza kula kabla ya sufuria kuwekwa."

"Basi tuiombee. Mungu hashindwi."

"Hashindwi," nikasema. "Lakini mama wa hotelini akiunguza uji, unauombea ama anapika mwingine?"

Hakucheka. Akatazama kule kwa mjane, akasema kitu kilichoniingia mwilini. "Hii ni sadaka yake ya mwisho. Utamwambia Mungu ameikataa?"

Nitasema ukweli, maana kuandika uongo katika umri huu ni kujichosha bure. Nilitaka kupiga muhuri. Sikuogopa mchungaji wala wazee wa kanisa. Nilikuwa nimechoka tu. Nilichoka kuwa mtu wa kusema hapana. Nilichoka kuwa yule anayefika kila mtu amefurahi na kuondoka kila mtu amenuna. Nikafikiri, mara moja tu, na kwa ajili ya kanisa, na kwa ajili ya huyu mama. Muhuri ulikuwa mfukoni mwa koti langu na mkono ulikuwa umeushika.

Halafu nikakumbuka yale maombi. Mkono huu usiyumbe. Nilikasirika, sikufichi. Nilimkasirikia mchungaji kwa kuyaomba, na nikajikasirikia mimi kwa kuyaamini.

"Pasta," nikamwambia, "wewe ndiye uliuombea huu muhuri. Ulidhani utaenda kufanya kazi gani?"

Nikatoka nyuma ya tangi, nikaenda moja kwa moja kwa mjane, nikachuchumaa mbele ya beseni la viazi. "Mwaitu," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita kila aliye na umri wa mama zetu, "ng'ombe alikuwa mgonjwa. Hataliwa. Na wewe, Jumatatu, nenda hospitali wakupime kifua." Kisu cha viazi kilimponyoka, akafunika uso kwa leso, mabega yakaanza kutetemeka. Akina mama wakapiga woi! kwa sauti moja na kunitazama mimi.

Tulichimba shimo nyuma ya uwanja, mimi na mwanamume mmoja tu aliyekubali kunisaidia. Tukaichanachana ile nyama, tukaimwagia mafuta ya taa ili mbwa na binadamu wasiifukue, tukafukia. Wale walioonja ini niliwatuma nao hospitali, wakaenda wakinung'unika. Jumapili wageni walikula muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, na kabichi. Katibu alisimama kusoma ahadi na waliozitimiza ili wapigiwe makofi, na alipofika kwenye jina langu akaliruka.

Miezi iliyofuata ilikuwa mirefu. Zamu yangu ya kusoma somo ilipewa mtu mwingine bila mimi kuambiwa. Mke wangu alirudi kutoka kwenye chama cha akina mama akiwa kimya, akaniuliza kama kweli singeweza kufumba macho siku moja. Sokoni mzee mmoja aliniambia, "Wewe daktari ulimkosesha mjane baraka." Niliendelea kwenda kanisani, nikikaa benchi la nyuma. Niliimba nikiwa nimechoka, nikarudi nyumbani nikiwa nimechoka, na Jumatatu nikavaa gambuti zilezile. Kama kazi ni ibada, nilijiambia, basi hii yangu ni ya kwaresima isiyoisha.

Alasiri moja yule mjane alikuja kwangu. Nilikuwa nje naosha gambuti. Akakaa kwenye kigoda, akakataa chai, akaniambia alienda hospitali, wakampima, hana kitu. Kwa hivyo hata hapo sina la kujisifia.

Kisha akasema, "Mwanangu, hiyo ng'ombe nilikuwa najua."

Nikaacha kusugua.

"Alikuwa anakohoa tangu mavuno. Nampatia majani, anaangalia tu. Mbavu zikatoka. Nikajiambia huyu atanifia hapa bure, wacha nimpatie Mungu kama bado anasimama. Nilidhani ni uzee tu, sikujua ni ugonjwa wa watu. Lakini kama angekuwa mzima," akatazama chini, "singemtoa."

"Aiya, mwaitu!"

"Na wakaniimbia. Nimesimama hapo mbele, wananiimbia. Sikuwa nalala. Siku ile ukiniambia hataliwa, walidhani nalia uchungu." Akavuta pumzi. "Mimi nilikuwa nasema asante, imeisha."

Nilimkasirikia, acha nisijifanye mtakatifu. Nilikuwa nimebeba matusi ya watu kwa ajili yake miezi na miezi, na yeye alikuwa na neno moja ambalo lingenisafisha. Nikamuuliza kwa ukali mbona hakusema. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama mimi ningesema. Nikafikiria siku ile, mkono mfukoni, vidole vimeshika muhuri, na kwamba hilo nami sijamwambia mtu yeyote. Nikarudi kwenye gambuti zangu. Tulikaa hapo muda mrefu, tukazungumza habari ya mvua na bei ya mbegu, na mwishowe akakubali chai.

Mwaka ukazunguka, Jumapili ya vifaa ikafika tena. Niliamua kuuacha muhuri nyumbani. Nilikuwa navaa koti nikasikia mtu akibisha langoni. Alikuwa mjane, na kuku mwekundu kwapani.

"Kagua," akaniambia.

"Mwaitu, kuku hakaguliwi hapa."

"Kagua. Nampeleka kwa Mungu, na mara hii nataka kujua ni nini nampelekea."

Basi nikamkagua yule kuku, nikiwa na nguo zangu za kanisani. Nikamfungua mdomo, nikatazama macho, nikainua mabawa, nikapapasa kifua. Alikuwa na nyama, alikuwa na hasira, alinidonoa kidole. "Ni mzima kabisa," nikamwambia. "Huyu hata ukimweka atataga."

"Anataga kila siku," akasema. "Na muhuri wako uko wapi?"

"Siendi nao."

"Kauchukue. Mimi siendi huko mbele peke yangu."

Nilitaka kubishana, lakini kubishana kunahitaji nguvu. Nikaingia ndani nikauchukua. Tulipanga foleni pamoja, yeye na kuku wake, mimi na muhuri wangu, na watu wakatutazama wasijue wafikirie nini. Mjane alipofika mbele mchungaji alimpokea yule kuku, na mama akasema kwa sauti ya kusikika hadi benchi la nyuma, "Huyu amekaguliwa." Wengine walicheka, wengine wakainama.

Kisha ikawa zamu yangu. Mchungaji alinitazama. Nilimwona naye amechoka, ana mvi ambazo mwaka jana hakuwa nazo. Alichovya kidole kwenye mafuta, akaunyoosha mkono, nami nikaugeuza muhuri haraka, uso ukatazama kiganja changu.

"Paka kwa mpini, pasta," nikamwambia. "Ule upande mwingine uko na kazi kesho."