Betri Imechomoka

Msoma mita za maji aliyebandikwa jina la Betri Tatu hakuwa mtu wa kukaa. Akipewa kiti anakigusa kidogo tu, kama mtu anayepima joto la pasi, kisha huyo kasimama, anachungulia dirishani, anauliza saa ngapi. Mkewe alipokuwa hai alipenda kuwaambia majirani kwamba ameolewa na kiguu na njia, na kwamba anayetaka kuzungumza na mumewe avae viatu kwanza. Kazi nayo ilimfaa. Mita mia na ishirini kwa siku, nyumba kwa nyumba: inama, inua kifuniko, futa tope kwenye kioo, piga picha tarakimu, inuka, nenda.

Hilo la picha ndilo lililompa jina. Zamani walisoma mita kwa daftari na penseli, mpaka ofisi ikawachoka watu waliokuwa wakijaza tarakimu wakiwa vitandani kwao, ikaamuru kila mita ipigwe picha. Basi simu zikawa zinakata roho saa sita mchana. Wenzake waliombaomba soketi madukani, wakisimama dakika arobaini kando ya friji za soda huku wakitazamwa kama wezi. Yeye alijiendea zake. Simu yake ilikuwa ya kufunguka mgongo, na mfukoni mwa shati alibeba betri tatu zilizoshiba chaji, amezifunga kwenye leso. Anaegemea ukuta, anatia ukucha, mfuniko unaachia, iliyokufa inatoka, nzima inaingia, na kabla hujamaliza kumsalimia yuko mita inayofuata. Simu ikiganda, anatoa betri na kuirudisha. Simu ikinyeshewa, anaichomoa betri upesi na kuvianika viwili mbalimbali, na jioni simu inazungumza kama kawaida. Asiyejua kungoja hawezi kupata mwenzi bora kuliko huyo.

Tusimpambe kupita kiasi, maana mwenzi mwenyewe alikuwa na vituko. Miaka ilivyokwenda betri zilianza kucheza ndani, ikabidi azikaze kwa kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne. Betri moja aliyouziwa barabarani ilivimba kama shavu la mwenye jino bovu, mfuniko ukakataa kufunga. Simu ikianguka, kila kiungo kilishika njia yake: mfuniko huku, betri kule, na yeye amepiga magoti barabarani anakusanya maiti. Halafu betri ikikaa nje kidogo, simu inasahau tarehe. Ikiwaka inaamini ni mwezi wa kwanza wa mwaka ule ambao binti yake alikuwa bado anavaa sare za shule.

Kulikuwa na faida nyingine ambayo hakuna muuzaji aliyewahi kuiandika kwenye boksi. Mazungumzo yakimkera, Betri Tatu alikuwa na mlango wa kutokea. Msimamizi akianza kufoka, au shemeji akianza hadithi zake zisizo na kichwa wala miguu, yeye hupaza sauti: "Haloo? Haloo? Sikupati!" Ukucha unaingia mgongoni mwa simu, kimya. Baadaye akiulizwa anasema, "Betri imechomoka bwana, hii simu hii!" Nani atabisha? Wote walikuwa wameshaiona ikichomoka kweli. Aliutumia uongo huo kwa wakubwa na wadogo, akajiona mjanja, na mimi ninayesimulia nasema wazi kwamba alikuwa mwoga tu, mwoga mwenye miguu mirefu.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya kwake ilifika mwisho siku ambayo mkewe alikuwa amelazwa, siku ya nne, na binti yao wa pekee ndiye aliyekuwa akimuuguza. Asubuhi binti alimpigia simu. Alitaka mama ahamishiwe hospitali kubwa siku hiyohiyo. Yeye alitaka wangoje kidogo, kwa sababu neno "kuhamisha" lilimtia hofu ambayo hakujua aiweke wapi. Binti akapandisha sauti. Akasema, "Baba, wewe siku zote unakimbia tu!" Na yeye nini? Akakimbia. Haloo, haloo, ukucha, kimya. Betri akaitia mfuko wa suruali, akatoa daftari la zamani, na kutwa nzima akasoma mita kwa penseli huku akijisemea kwamba jioni hasira za mtoto zitakuwa zimepoa. Aliirudisha betri saa kumi. Ukaingia ujumbe kumi na tisa kwa mpigo. Mkewe alikuwa amefariki saa tisa na dakika chache.

Msibani aliwaambia watu wote kwamba betri ilichomoka na yeye hakujua. Watu wakamwonea huruma. Binti alimtazama, akauliza neno moja tu, taratibu: "Kutwa, Baba?" Baada ya hapo hakuuliza tena. Hakumpigia pia, na baba naye hakuwa na uso wa kumpigia.

Miaka miwili ikapita hivyo, na bado aliendelea kumsoma. Nasema kumsoma kwa sababu nyumba ya binti ilikuwa ndani ya eneo lake la kazi: jengo la ghorofa tatu, mita sita zimepangwa ukutani chini ya ngazi, ya binti ikiwa ya tano. Kila mwezi alifika, akainama, akapiga picha mita ya tano, akaondoka bila kukanyaga ngazi hata moja. Aliyajua maisha ya mwanawe kwa tarakimu. Mwezi mmoja maji yalipungua nusu, akajua wamesafiri. Mwezi mwingine yalipanda ghafla na hayakushuka tena, akasimama pale chini akihesabu vidole mpaka akaelewa: nepi. Amepata mjukuu. Aliipata habari hiyo kutoka kwenye bomba.

Mwaka huu ofisi ikagawa simu mpya, nyembamba, mgongo umegandishwa moja kwa moja, haina pa kuingiza ukucha. Wenzake walishangilia. Chaji inafika jioni, alisema kijana wa stoo, na hata ukiitumbukiza kwenye chemba ya mita unaifuta tu na kuendelea. Betri Tatu aliigeuzageuza.

"Ikiganda nafanyaje?"

"Unabonyeza hapa, unangoja."

"Ningoje?"

"Ungoje, mzee. Watu wote duniani wanangoja."

"Na betri yake ikizeeka?"

"Hapo unaipeleka kwa fundi aibandue kwa moto. Au unaizika yote, nzima nzima."

Akaipokea kwa kazi, kwa sababu ilifungwa isipige popote ila namba za ofisi. Ya kwake ya zamani akabaki nayo mfukoni kwa mambo yake, ingawa mambo yenyewe hayakuwa mengi.

Ilikuwa Alhamisi, saa tano asubuhi, ameinama kwenye mita ya kinyozi, simu ya zamani ikaita. Jina la binti yake likatokea kwenye kioo. Aligonga kichwa kwenye bomba akiinuka.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba. Hujambo? Hamjambo wote?"

"Hatujambo. Baba, nisikilize vizuri, na leo usinikatie. Ukinikatia leo sikupigii tena, naapa."

"Sikatii. Nani anakata? Nipo."

"Tunahama Jumamosi. Mume wangu amepata kazi mbali, tunapanda ndege, sijui tutarudi lini. Sitaki kuondoka na kitu hiki kifuani."

Alianza kutembea. Hakuamua, miguu yenyewe ilianza: kutoka kwa kinyozi hadi kwenye nguzo ya umeme, kutoka kwenye nguzo hadi kwenye mtaro, na kurudi. Alikuwa amelibana lile lisimu sikioni kwa mikono miwili. Hakuwa na nia ya kukimbia, na namshuhudia kwa hilo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitaka mazungumzo yaendelee hata kama yatamuua.

"Nina swali moja," binti akasema. "Nijibu kweli, halafu tutaachana kwa amani au tutaachana hivihivi. Siku ile ya Mama, hiyo betri..."

Akaruka mtaro. Sijui kwa nini, palikuwa na daraja hatua tatu tu mbele, lakini mtu wa haraka haoni madaraja. Mguu uliteleza, kiwiko kikagonga ukingo, na simu ikamtoka mkononi. Mfuniko ukaenda kwa kinyozi, kile kikaratasi cha kukazia kikapeperuka, na betri ikaruka mara mbili na kutumbukia kwenye maji machafu, chubwi.

"Hapana!" alipiga kelele mpaka kinyozi akatoka na mashine mkononi. "Hapana, hapana, siyo leo!"

Leso ikafunguliwa. Betri nyingine ikaingia, haikugusa vizuri, akaitoa, akachana karatasi, akaikunja, akaikaza. Simu ikaanza kuwaka kwa mbwembwe zake zote, rangi zikizunguka, muziki wa kukaribisha, na yeye akizunguka nayo palepale. Dakika mbili za kubadilisha betri, ambazo siku zote alijisifia, zilikuwa ndefu kuliko foleni ya hospitali. Ilipowaka akapiga. Ikaita, ikakatwa. Akapiga tena. Ikakatwa upesi zaidi. Mara ya tatu haikupatikana kabisa.

Akafungua WhatsApp aache ujumbe wa sauti. Ikagoma. Tarehe ya simu yako si sahihi, ilimwambia, rekebisha tarehe kwanza. Akairudia meseji ya kawaida, akaandika: Betri imechomoka kweli. Akalitazama lile neno la mwisho. Ni lazima uwe umesema uongo mwingi sana ndipo uhitaji kuongeza neno kama hilo. Aibu ikampanda masikioni, akaifuta meseji bila kuituma.

"Mzee, nikuletee maji?" kinyozi aliuliza.

"Niangalizie mfuko wangu wa kazi," akasema, na tayari alikuwa njiani.

Mita themanini zilibaki bila kusomwa siku hiyo. Alipita sokoni kwa mbio za mtu mzima, zile ambazo si kukimbia wala si kutembea, akiwakumba watu na kuomba radhi akiwa ameshawapita. Kila hatua alitunga jibu. Nitasema simu ilianguka. Nitamwonyesha kiwiko. Nitamleta kinyozi awe shahidi. Alipofika kwenye jengo na kuziona zile mita sita, mwili ukainama wenyewe kwa mazoea, mkono ukaenda kwenye kifuniko cha tano. Akajizuia. Akashika reli ya ngazi, akapanda, kwa mara ya kwanza.

Binti alifungua mlango akiwa na mkasi na utepe wa gundi wa kufungia maboksi. Alikuwa amenenepa kidogo na macho yalikuwa mekundu. Alimtazama baba yake toka juu hadi chini: tope la mtaro, kiwiko kinachovuja damu, simu isiyo na mfuniko mkononi.

"Betri," alisema binti. Hakuuliza.

"Leo imechomoka, mwanangu. Leo..." Majibu yote aliyotunga njiani yalikwisha hapohapo. "Leo ndiyo imechomoka. Siku ile niliitoa."

Binti akasogea kando ampishe. Sebule ilikuwa imejaa maboksi kutoka ukuta hadi ukuta, hapakuwa na nafasi ya kutembea hata hatua mbili, na kiti kilikuwa kimoja. Mtoto alikuwa amelala kwenye godoro katikati ya maboksi, ngumi moja juu ya uso.

"Kaa, Baba."

"Nitasimama tu, nina tope..."

"Kaa."

Akakaa. Magoti yalianza kuruka, akayashika kwa viganja.

"Niliitoa mimi, kwa ukucha wangu," alisema. "Uliniambia nakimbia, nikakasirika kwa sababu ni kweli. Nikaitia mfukoni. Nilikuwa nayo mfukoni kutwa, wakati mama yako... Nilikuwa nayo hapa." Akajipiga pajani. "Niliwadanganya watu msibani. Nilikudanganya wewe."

"Mimi nilijua," binti alisema.

"Ulijua?"

"Baba, hakuna asiyejua. Shemeji zako wanajua. Msimamizi wako anajua. Nilitaka tu uniambie mwenyewe." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono wenye mkasi, kisha akaketi juu ya boksi, uso kwa uso na baba yake. "Lakini kuna kitu hukijui wewe, na ndicho kilichonikalia kifuani. Mchana ule nilikuwa nakupigia kila dakika, nalia, nakutukana, Mungu anisamehe. Mama akanishika mkono. Akasema, 'Muache. Amekasirika, ameitoa. Ataiweka tu.' Halafu akaniomba nimwekee simu yangu juu ya mto, karibu na sikio, ili ukipiga awahi kuisikia."

Mkono wa msoma mita ulitambaa wenyewe hadi mgongoni mwa simu, ukucha ukapapasa ukingo, ukaikuta betri iko wazi, haina mfuniko, rahisi kutoa kuliko siku zote. Aliiweka simu sakafuni.

"Endelea," akasema. "Niambie yote."

Binti alimwambia yote, na ilichukua muda mrefu.