Maboksi ya TOSHA na Maboksi ya BADO

Kila Jumamosi jirani yangu hapa Mbarara huchoma takataka nyuma ya ukuta, na kila Jumamosi lazima atie humo kipande cha mpira. Harufu ile ikiingia dirishani, damu inanichemka. Jirani wa watu hana kosa. Hasira yenyewe ni ya zamani. Nisikilize, kisha uniambie kama ni hasira ya bure.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, Nakivale, kambi ya wakimbizi, katika nyumba ya udongo isiyo mbali sana na Base Camp, na nilikuwa fundi wa ndege. Sisemi ndege wa mtini. Nilitengeneza ndege za kusafiria, ndogo, zenye mifupa ya mafunjo ya ziwani yaliyomenywa na kukaushwa, mabawa ya nailoni nyepesi, na pangaboi ya mbele iliyozungushwa na ukanda wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Ukiusokota mpira vizuri na kuuachia, ndege ililia kama mbu mwenye njaa na kupita juu ya vyoo vya majirani. Waliokuwa wakiiona walimsifu kaka yangu. Kaka yangu, ambaye hata fundo hakujua kufunga!

Shida ilikuwa fujo. Vitu vyangu vilijaa chini ya kitanda, ndani ya sufuria, na mifukoni mwa koti la kanisani la papa, yaani baba yangu. Jumapili moja papa alisimama kusoma Zaburi mbele ya waumini, akatia mkono mfukoni kutafuta miwani, akatoa pangaboi. Tulipofika nyumbani mama alisema, "Ile bucafu yako yote, tafuta fasi moja uweke. Moja!"

Nikapewa kibanda cha mbuzi, kwa kuwa mbuzi wenyewe walikuwa wameshauzwa. Siku tatu nilikwangua mavi, nikamwaga majivu, nikapanga matofali na mbao mbili kuwa rafu. Harufu ya beberu haikutoka, lakini mimi nilipaita atelie, yaani karakana. Spoki za baiskeli upande huu, vizibo vya chupa vya kufanyia magurudumu upande ule, na maboksi ya sabuni yamesimama kwa mstari. Nikachukua kaa la moto lililozimika nikayaandika. Boksi ambalo vitu vyake vilikuwa havijatimia niliandika BADO. Boksi lililojaa, lisilohitaji kuongezwa kitu, niliandika TOSHA.

Hapo ndipo msiba ulipoanzia. Nyumbani kwetu, watu wa Kivu ya Kusini kule Kongo, kitu kikitimia tunasema "kinaenea". Lakini mwalimu wetu, Mrundi aliyekulia Tanzania, alikuwa akisikia "inaenea" anashika kichwa kama aliyechomwa na nyuki. "Inatosha! Semeni inatosha! Nani aliwafundisha Kiswahili, mbuzi?" Darasa zima lilicheka, nami nilitaka sana nisichekwe. Kwa hiyo atelie yangu niliiandika kwa Kiswahili safi.

Wiki ile nilikuwa na haraka. Shule moja ya Mbarara mjini ilikuwa imealika watoto walete vitu walivyotengeneza kwa mikono yao, na shule yetu ilipata nafasi moja tu ndani ya gari. Nafasi hiyo ilikuwa yangu, kwa sharti kwamba Ijumaa ndege yangu iruke mbele ya mwalimu kutoka goli moja la uwanja hadi nusu yake. Sikuwahi kufika Mbarara. Sehemu zote za ndege hiyo zilikuwa tayari, ndani ya maboksi mawili ya TOSHA.

Jumatano nilitoka shule nikakuta moshi nyuma ya nyumba, na ile harufu ya mpira. Kwenye mlango wa kibanda alisimama tantine Zawadi, dada mdogo wa papa, aliyekuwa akiishi kwetu. Jasho linamtoka, ufagio mkononi, uso wote unacheka.

"Nimekusaidia," alisema. "Byote byenye uliandika tosha, nimetosha, nimechoma. Bya bado, niliacha, sababu uliandika bado."

Kwetu, kutosha kitu ni kukiondoa. Nilijua hilo tangu nilipoanza kusema! Mifupa iliyonyooka, mabawa, pangaboi, vyote vilikuwa majivu, na spoki zilizopinda zimepangwa vizuri rafuni, hazina hata vumbi. Nilipiga kelele ambayo mama aliisikia kutoka shambani. Nilimwambia tantine, "Hujui kusoma! Mtu mzima mzima, hujui kusoma!"

Mama alikuja mbio. "Unaambia tantine yako nini? Omba pardon, sasa hivi!"

Sikuomba. Tantine aliweka ufagio chini akaingia ndani.

Kesho yake nilimweleza mwalimu ili anipe siku za kuongeza. Siku hakunipa. Alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akawasimulia darasa la juu, nao wakacheka. Nami, aibu yangu hii, nilicheka pamoja nao.

Mchana huo nilikata mafunjo mapya, mabichi, nikayakausha juu ya jiko. Mpira niliupata kwa fundi baiskeli. Nailoni ya mabawa ndiyo iliyokosekana kabisa. Nilikuwa nimekaa nalia atelie tantine alipoingia na kuniwekea daftari kwenye goti. "Kata hii. Karatasi yake iko nyepesi."

Lilikuwa daftari la darasa la watu wazima la kujifunza kusoma, alilokwenda mara mbili kwa wiki akitoka shambani. Miezi minne ya penseli. Nikachukua mkasi, sikusema hata asante.

Ijumaa ndege iliruka ikapita nusu ya uwanja. Jumamosi nilikuwa Mbarara, ndani ya ukumbi wenye feni, na mama mmoja wa pale, mgeni wa heshima, aliinua ndege yangu akaligeuza bawa. Chini yake kulikuwa na ZAWADI, ZAWADI, ZAWADI, herufi kubwa zinazoyumba, mstari hadi mstari. "Nani naandika hii?" aliuliza akitabasamu. "Mutoto wa nasari?"

Nikajibu, "Ndiyo, ni mtoto mdogo wa nyumbani."

Nilikuwa mkubwa tayari, ninalipa kodi yangu mwenyewe katika mji huu, ndipo siku moja harufu ya jirani ilipoingia nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Tantine alisoma. Aliingia peke yake katika kibanda kinachonuka beberu, akasoma kila neno nililoandika, bila kukosea hata herufi moja, akafanya kama lilivyosema katika lugha yetu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maandishi kumwambia kitu naye akakielewa bila msaada wa mtu. Mimi ndiye niliyeandika kwa lugha ya mtu mwingine, kwa kuogopa kuchekwa, kisha nikamwita mjinga. Mwalimu namkasirikia bado. Lakini mwalimu hakuwa na mkasi.

Kwenye lile darasa hakurudi tena. Sasa ana simu, na mpaka leo nikitaka kumsalimu namtumia ujumbe wa sauti; hajawahi kuniuliza kwa nini simwandikii.