Mtoto Niliyempa Jina la Malkia

Namshukuru Mungu kwa yote, hata kwa aibu niliyoipata Jumapili iliyopita hapa Nyakoe.

Mimi ni katekista, na wazazi wengi huniachia niwachagulie watoto wao majina ya ubatizo. Zakayo, mwenye duka la nguo, alitaka jina ambalo halijasikika Kisii nzima tangu tupate uhuru. Nyumbani kwake nilikuta kitabu cha hadithi cha binti yake mkubwa, Moraa, kuhusu Malkia Adelmira wa Ulaya ya kale. Nikakisoma nikingoja chai. Malkia aliwalisha maskini, akawashinda maadui, akaweka jiwe la msingi la kanisa kubwa. Chai ikaja, nikakifunga. Nilijiambia kwamba mtu anayejenga kanisa hawezi kuharibika tena. Nilijiambia hivyo mimi, niliyekaa miaka mingi katika kamati ya ujenzi wa kanisa letu.

Mtoto akabatizwa Adelmira. Wakati wa chakula Zakayo akaniomba niwaeleze wageni habari za malkia huyo. Nikausifu utakatifu wake hadi kina mama wakapiga vigelegele.

"Katekista," Moraa akauliza kwa upole, "ulikisoma hadi mwisho?"

"Mwanzo ulinitosha, mwanangu."

"Kanisa lilipokwisha kujengwa, alimtilia mumewe sumu kwenye uji."

Zakayo alikuwa ameinua kikombe cha uji alichopewa na mkewe. Akakishusha mezani polepole, akanigeukia.

"Katekista," akasema, "ubatizo hufutwa?"