Mtoto Aliyenyamazia Jina la Ogola

Bibi Abuto alikuwa ametaja karibu wafu wote wa ukoo, na mjukuu wake bado analia. Kwa mila yao, mtoto mchanga hunyamaza mwenyewe akitajiwa yule marehemu anayetaka kurithiwa jina.

"Mama, umemsahau baba," Okumu, mwanawe, akamwambia.

"Sijamsahau. Nimemruka."

Jina la baba huyo lilikuwa Ogola, maana yake aliyezaliwa barazani. Ogola wa kwanza wa ukoo huo aliwavusha watu mto kwa mkuki. Wa pili aliua chui. Wa tatu alikuwa mume wa Abuto, na vita vyake vyote alivipigana jikoni. Alimvunja mkono wa kushoto kwa mchi, kisa ugali umepoa, na mkono ukaunga umepinda. Siku ya mazishi yake Abuto alilia kama mila inavyotaka, kisha akalala usingizi mnono.

"Mtaje tu, mama! Mtoto atakata roho!"

"Ogola," Abuto akasema, kama anayetema mwiba.

Kilio kikakatika papo hapo. Wanawake wakapiga vigelegele, wakamsogezea kichanga. Kikamkamata kidole cha mkono wa kulia, kikakibana.

Abuto akajichomoa.

"Mchukueni mtu wenu. Huu mkono mzima ndio aliourudia."