Joyness, fundi aliyeivua kompyuta kitambaa Nyakahura

Ni alasiri ya siku ya gulio Nyakahura, wilayani Biharamulo, na banda la gemu la Marcel Fideli limejaa mpaka mlangoni. Mbuzi wa zawadi amefungwa nje, anatafuna maganda ya ndizi bila habari na mtu. Ndani, macho yote yapo kwenye televisheni. Shibuda, mwenyeji, anacheza fainali ya soka la kwenye kompyuta dhidi ya Frednand, aliyekuja kwa bodaboda kutoka Kibimba, Ngara.

Mtu mmoja tu haangalii mpira. Joyness Abeli amechutama kando ya meza ndogo iliyobeba laptop inayoendesha gemu hiyo. Kiganja chake kiko nyuma ya mashine, pale inapotokea hewa ya moto.

"Bado vuguvugu," anamnong'oneza Marcel.

Marcel anashusha pumzi. Wengine wamekuja kuona nani ataondoka na mbuzi. Joyness amekuja kujua kama kesho ataendelea kuitwa fundi.

Mashine hii ilishamwaibisha. Kwenye nusu fainali, gemu ilianza kuburuza miguu, picha ikaganda mshambuliaji akiwa amenyanyua mguu apige, kisha ikajifunga yenyewe. Banda lilichafuka kwa kelele, mechi ikabidi irudiwe siku nyingine. Na aliyekuwa ametoka kuitengeneza laptop hiyo ni yeye.

"Kuna baba mmoja akasema kwa sauti, mambo ya kompyuta waachieni wanaume, mwanamke akashike cherehani," anakumbuka. "Iliniuma, nisikufiche. Nikamwambia Marcel, nipe mashine yako, sijamalizana nayo."

Joyness ni mzaliwa wa Keza, wilayani Ngara, mtoto wa wakulima wa kahawa na migomba. Leo ana chumba chake cha ufundi hapa Nyakahura, kando ya barabara kuu, anakotengeneza simu, redio na kompyuta. Kazi hiyo inamlipia pango na ada ya mdogo wake wa kike. Anaisema kwa kifua mbele, na ana haki.

Ufundi aliupata Biharamulo mjini kwa mzee Anuar Salum, ambaye familia yake ilitoka pwani kwa biashara, naye akaishia kwenye redio mbovu. Mzee Anuar anamkumbuka vizuri.

"Wanafunzi wangu wengi hukimbilia bisibisi," anasema. "Huyu alikuwa anauliza kwanza. Mashine inakaa wapi? Nani anaishika? Nikawa namwambia, we binti, umekuja kujifunza ufundi au wewe ni mjumbe wa nyumba kumi?"

Ukweli ni kwamba laptop ya Marcel si ya michezo. Ni ya zamani, ilinunuliwa ikiwa imeshatumika, kumbukumbu yake ni ndogo na haina kifaa maalumu cha kuchakata picha.

"Ile ni mashine ya kuandikia barua," anasema Joyness. "Sisi tumeibebesha uwanja mzima pamoja na mashabiki wake."

Kwa hiyo aliipunguzia mzigo. Aliingia kwenye mipangilio ya gemu akashusha ubora wa picha, akaondoa vivuli vya wachezaji, akapunguza mashabiki jukwaani. Akafunga programu zote zilizokuwa zikifanya kazi kimyakimya nyuma ya gemu. Akafungua mashine na kupuliza vumbi jekundu lililoganda kwenye feni.

Kwenye meza yake, gemu ilicheza kutwa nzima bila kukohoa. Ikarudi kwa Marcel, jioni hiyohiyo ikajifunga tena kabla ya mapumziko.

"Kwangu mzima, kwake mgonjwa," anasema. "Ndipo nikajiuliza, mbona swali langu la siku zote sijaliuliza? Nikafunga duka nikaenda kuona inakoishi."

Alichokikuta anakisimulia akicheka. Laptop ilikuwa imevishwa kama bibi harusi. Chini yake palikuwa na kitambaa cheupe kilichofumwa kwa uzi mnene, chenye maua yaliyovimba, na kingine kilifunika mgongo wake mpaka pembeni, kama familia nyingi za huku zinavyopamba redio na makochi. Matundu ya hewa yote yalikuwa yamezibwa. Kila Marcel alipoipeleka kwa fundi, alivivua vitambaa kwanza ili visichafuke.

Mfumaji alikuwa mama yake Marcel, Melania, na alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeona nilivyoipendezesha?"

Joyness angeweza kuvuta vile vitambaa, akaeleza kitaalamu na kuondoka zake. Hakufanya hivyo. Aliiwasha gemu, akaiacha icheze na mapambo yake, kisha akaushika mkono wa mama na kuuweka pembeni ya mashine.

"Yesu wangu! Ina homa!"

"Inapumulia chini na nyuma, mama. Tumeiziba pua."

Melania aliuondoa mkono. "Kwa hiyo mimi ndiye ninayemharibia mwanangu kazi?"

"Hapana, mama. Wewe umeitunza. Inataka kunyanyuliwa tu, hewa ipite chini. Ukibeba ndoo kichwani unaweka nini?"

"Ngata."

"Basi ifumie ngata."

Mama huyo aliingia ndani kuchukua sindano yake. Alifuma ngata ndogo nne, ngumu, moja kwa kila pembe ya laptop. Ndizo zinazoonekana leo mezani, nyeupe, na mashine imekaa juu yake ikiwa uchi na inapumua.

Na mechi inaendelea. Dakika za kawaida zinaisha kwa sare, za nyongeza nazo sare. Inakuja mikwaju ya penalti, na sasa hata wapenzi wa mpira wanamtupia Joyness jicho. Kiganja chake hakijaondoka. Frednand anapiga wa mwisho, kipa anadaka. Shibuda anasogea, picha inatembea laini, mpira unaingia wavuni. Kombe linanyanyuliwa kwenye skrini mpaka mwisho wa sherehe zake, na hakuna kilichoganda.

Banda linalipuka. Shibuda anakimbilia mbuzi wake, lakini Marcel anaunyanyua juu mkono wa Joyness. "Fundi huyu hapa!" anapaza sauti. "Mnamwona?" Mlangoni Melania anapiga vigelegele na kumwambia kila anayepita, "Ngata zangu zile!" Mwandishi wa makala haya naye alijikuta akipiga makofi, na hajutii.

Yule baba wa cherehani je? "Ameshaleta simu yake," anasema Joyness. "Nimeipokea kwa heshima zote."

Ndoto yake sasa ni kufungua chumba cha pili nyumbani Keza, ambako mwenye mashine mbovu hulazimika kuipakia kwenye bodaboda na kumfuata fundi mbali. Anataka benchi la kwanza la wanafunzi wake lijae wasichana, mdogo wake akiwemo.

Melania ameshaanza kukifumia chumba hicho zawadi, kitambaa kikubwa chenye maua yaleyale yaliyovimba. Nilipomuuliza Joyness kama haogopi mashine kuzibwa pua tena, aliangua kicheko.

"Nimemwambia kiwe pazia la mlangoni," akasema. "Kila atakayeingia kwa fundi apite kwanza kwenye mikono ya mama."